Redio ya Pedali na Dawa za Namba

Ukisikia dharura mashambani, akili inakimbilia ndege. Poa, lakini ndege bila mtu wa kuiita ni pambo tu.

Cheki Australia. Tarehe 17 Mei 1928 daktari alipaa kutoka Cloncurry, Queensland, kwa ndege iliyokodiwa kwa Qantas. Mhubiri John Flynn alikuwa ameipigania hiyo huduma miaka mingi. Shida ni moja: mashamba ya huko yako mbali ajabu, hakuna stima, hakuna simu. Sasa mgonjwa ataita nani?

1929 fundi Alfred Traeger akaja na redio unayokanyaga pedali kama baiskeli, mikono ikibaki huru kutuma ujumbe. Lakini ilikuwa Morse, na mama mwenye mtoto anayewaka homa hana muda wa kukariri nukta na vistari. Baadaye Traeger akaunda kibodi kama ya taipureta. Unabonyeza A, inatuma A. Hapo ndio namvulia kofia huyo msee.

1942 likaja sanduku la dawa, kila dawa na namba yake. Daktari hewani anakwambia tu umpe namba fulani. Hakuna kung'ang'ana na majina ya kuvunja ulimi.

Huku kwetu Flying Doctors walianza 1957, nao wakategemea redio kuongea na hospitali za mbali. Leo ambulensi ikinunuliwa ni utepe, hotuba na picha. Mimi naulizanga tu: mtandao ukikatika kijijini saa nane usiku, hiyo ambulensi inaitwa na nini?