Gendia, Kamagambo na Mtu Aliyeitwa Nyambo

Wazee wetu wa Karachuonyo wakitaja mwanzo wa shule huku, hutaja Carscallen. Mimi, niliyeshika chaki nusu ya umri wangu, huanza na Peter Nyambo.

Mwaka 1906 wamisionari wawili wa Kiadventista waliweka makao katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay: Arthur Carscallen, Mkanada, na Nyambo, mtu wa Nyasaland, Malawi ya leo. Nyambo alikuwa amesoma London. Yaani watu wetu, siku ya kwanza kuonyeshwa herufi, walimwona Mwafrika mwenzao amesimama upande wa wenye kalamu! Hakukaa sana. Alirudi kwao, na mwaka 1914 akavuka bahari kumpelekea mfalme wa Uingereza malalamiko ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia. Mtu huyo tumemsahau bure.

Carscallen naye apewe haki yake. Alijifunza Dholuo, akaandika sarufi yake, akasimamisha kiwanda cha chapa palepale Gendia. Mtoto alijifunza kusoma kwa lugha ya mama yake, na hilo, kwa jicho la mwalimu, lilikuwa na uzito kuliko majengo.

Kamagambo, karibu na Rongo, ilifuata mwaka 1913. Mwaka uliofuata Wajerumani waliingia Kisii, na misheni za upande huo zikaporwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopita, Kamagambo ikawa mahali pa kufunza walimu, nao wakatawanyika katika shule za vijijini. Waadventista walitaka jembe na kitabu viende pamoja.

Sheria ya Elimu ya 1968 iliziingiza shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali, kanisa likabaki mfadhili tu. Chuo cha ualimu cha Kamagambo, hata hivyo, bado ni cha kanisa. Siku hizi kiko Kaunti ya Migori na Gendia iko Homa Bay. Sisi tuliokua zikiwa wilaya moja ya South Nyanza hatuoni mpaka huo.

Wageni hupenda kuambiwa kwamba Barack Obama mkubwa, babake rais wa zamani wa Marekani, alisoma Gendia utotoni kabla jamaa yake haijahamia Siaya. Ni kweli. Lakini mimi ningewapeleka kwanza kwenye kile kiwanda cha chapa, ambacho sasa kinaitwa Africa Herald.