Nyigu wa Uganda

Wabrazili walimwita nyigu wa Uganda, na jina hilo likakaa. Ukimwona hutamdhania kuwa nyigu. Ni mweusi, urefu wake haufiki milimita tatu, hamuumi mtu, na sehemu kubwa ya maisha yake huimalizia ndani ya tunda la kahawa. Sisi wa Kagera tunaopanda robusta kati ya migomba ni majirani zake, lakini sijakutana na mzee hata mmoja mwenye jina la kumwita. Wanayemfahamu ni yule anayewindwa naye, kwa sababu huyo ndiye anayetupunguzia kilo kwenye mizani.

Huyo ni mbawakawa mtoboa buni, Hypothenemus hampei wa wataalamu. Jike lake, ambalo halitimizi milimita mbili, hutoboa tunda upande wa kitovu, likazama hadi kwenye punje na kutaga humo. Wanaozaliwa wengi ni majike, kama kumi kwa kila dume mmoja. Dume haruki, humpanda dada yake humo humo na kufia humo humo. Dawa ya kupuliza haimfikii kirahisi, na ukivunja tunda kavu utakuta unga mweusi mahali pa kahawa. Nchi za Ulaya zilimjua mdudu huyu kabla ya kujua anakotoka: Ferrari alimweleza mwaka 1867 kutokana na kahawa iliyoingia Ufaransa kibiashara, na mwaka 1901 ndipo alipoandikwa kuwa ameonekana shambani, Gabon. Msafiri wa gunia hana haja ya pasi.

Mwaka 1924 ilibainika kwamba amekwishaenea Campinas, katika jimbo la São Paulo, kwenye kahawa iliyokuwa ikiilisha Brazil. Serikali ya jimbo ikaunda tume chini ya Arthur Neiva, na mwaka 1927 ikaanzisha taasisi nzima ya utafiti, Instituto Biológico. Walipotafuta adui wa mdudu, walielekeza macho Afrika. Huko Uganda adui huyo alikuwa ameshaandikwa: James Waterston alimpa jina la Prorops nasuta mwaka 1923, na Hargreaves, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya kikoloni ya Uganda, alikuwa akimchunguza. Mwaka 1929 nyigu akavuka bahari kwenda Brazil, na Adolph Hempel akawa miongoni mwa waliomlea huko.

Kazi yake ni ya kikatili, nami naipenda. Nyigu jike huingia kwa tundu lile lile alilolichimba mbawakawa, akamuua mwenye nyumba, kisha akakaa humo kama mrithi. Mayai na viluwiluwi wachanga huwala. Wale wakubwa huwachoma mwiba wakapooza, akabandika yai moja juu ya kila mmoja, na mtoto wake akitoka hula nyama ambayo bado haijaoza.

Wabrazili waliwasambaza mashambani kwa miaka. Zilipokuja dawa za kemikali baada ya Vita Kuu ya Pili, hamu ya kulea nyigu ikapungua, wengi wakadhani ametoweka. Baadaye akakutwa tena kwenye mibuni ya São Paulo, bila kulelewa na mtu.

Ukifungua vitabu utakuta nyigu hawa wamegawanywa kama mirathi: Prorops wa mashariki, na Cephalonomia stephanoderis wa magharibi, aliyeelezwa mwaka 1961 kutoka Côte d'Ivoire. Kisha Togo ikatoa Phymastichus coffea, aliyeelezwa mwaka 1990. Huyu ana tabia ya peke yake: hawangoji watoto, hutaga ndani ya mbawakawa mzima angali anatoboa tunda. Mimi ramani hiyo siiamini sana. Prorops amepatikana pia Togo na Kameruni. Uganda palikuwa na ofisi ya Mwingereza mwenye darubini, na Côte d'Ivoire ilikuwa chini ya Wafaransa. Naona mipaka ya nyigu ilifuata mahali pa kutafutia kuliko mahali pa kuishi. Mbuni wenyewe haujui ni koloni la nani.

Kolombia ilipoingiliwa na mtoboa buni mwaka 1988, haikuchagua mashariki wala magharibi. Ilichukua wote wawili, na katika miaka ya 1990 ikawafuga na kuwaachia kwa mamia ya mamilioni.

Kwetu Kagera habari haikuwa nyigu bali kanuni. Mwaka 1937 Wahaya waligoma dhidi ya amri za utunzaji wa mibuni, wakaguzi wakiingia kibanja cha mtu na kumwelekeza afanye nini. Tangu utoto wangu amri ninayoikumbuka ni moja: usiache tunda hata moja baada ya mavuno, la juu wala la chini. Ina mantiki, maana humo ndimo mtoboa buni anamosubiri msimu ujao. Lakini humo ndimo anamosubiri nyigu pia. Watafiti waliofanya kazi Kisii, Kenya, walikuta Prorops kwa wingi kwenye matunda yaliyobaki, wakashauri yakusanywe na kuwekwa mahali ambapo nyigu atatoka na mbawakawa atabaki. Bibi yangu aliyekuwa akisahau matunda nyuma ya migomba hakuwa na nia hiyo, lakini shamba lake halikuwa na hali mbaya kuliko la jirani mwenye bidii.

Katika kundi la Uganda yuko mwingine, Heterospilus coffeicola, aliyeelezwa mwaka 1924. Hutaga yai moja tu kwa tunda, na kiluwiluwi wake hutambaa akila mayai na watoto wa mbawakawa mmoja baada ya mwingine. Mkubwa huruka huru nje. Waliojaribu kumfuga maabara hawakufika mbali, kwa hiyo hajapata umaarufu wa kusafirishwa kama mwenzake. Yuko huku huku Afrika, kwenye kahawa.