Mwembe wa Bara, Ngalawa ya Pwani

Anayetaka kuandika historia ya chombo cha mvuvi wa Dar es Salaam kwa kawaida huanzia Feri, Msasani au Kunduchi, pale ngalawa na mashua zinapoonekana zimelala mchangani. Hoja ya makala haya ni kwamba aanzie kwingine. Aipe bahari mgongo, afuate Barabara ya Nyerere, aupite uwanja wa ndege, afike Gongo la Mboto. Leo jina hilo huwakumbusha wengi foleni, daladala, na mabomu ya ghala la jeshi ya Februari 2011. Hakuna harufu ya chumvi huko, wala mtu anayeuliza bamvua ni lini. Lakini nchi hii ya Uzaramo, inayopanda taratibu kutoka pwani mpaka vilima vya Pugu, ni sehemu ya historia ya chombo sawa na ufukwe wenyewe. Chombo kidogo cha uvuvi kilitokana na vitu vya shamba na msitu, vitu vinavyooza, na ni kuoza huko kulikowafundisha wenye vyombo kuvitunza. Vifaa vilipoacha kuoza upesi, na miti ya jirani ilipokwisha, matunzo nayo yalilegea.

Ushahidi wa kale unaanza na kamba. Kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinachojulikana kwa jina la Periplus, kinautaja mji wa biashara wa Rhapta kwenye pwani yetu, na kinasema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Wataalamu wanabishana mji ulikuwa wapi, na wengi huelekeza kidole delta ya Rufiji au jirani zake. Kwa hoja yetu, mahali si kitu. Kilicho muhimu ni mshono. Kitabu hichohicho kinataja pia mitumbwi ya gogo moja. Basi aina mbili za chombo, cha kuchongwa na cha kushonwa, zina umri wa karibu miaka 2,000 hapa, na zote mbili zilitegemea mimea. Mtepe, mjukuu wa vyombo vile vya kushonwa, uliendelea kuonekana mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao zake zilifungwa kwa kamba ya makumbi ya nazi bila msumari. Kamba hiyo huchoka, na ikichoka hushonwa upya. Mwenye mtepe hakuwa na hiari ya kuukagua au kuuacha: uzi wenyewe ulimwita.

Ngalawa ndiyo mrithi wa gogo. Mwili wake mara nyingi huchongwa kwa mwembe, halafu hutiwa matengo pembeni ili usipinduke upepo unapojaza tanga. Sasa mwembe si mti wa msituni. Asili yake ni Bara Hindi, na huku kwetu ni mti wa kupandwa, mti wa kivuli cha nyumba na mpaka wa shamba. Mvuvi aliyehitaji gogo pana la kutosha alikwenda kwa mkulima. Fundi alilichonga palepale lilipoangukia, kwa shoka na tezo, akalipunguza uzito kabla halijavutwa pwani kumaliziwa. Kwa hiyo ngalawa ilianza kama mkataba kati ya mtu wa bara na mtu wa pwani, na vumbi lake la kwanza lilikuwa la shambani.

Mtu anaweza kupinga: mbona basi maandishi ya karne ya 19 hayasemi hivyo? Wasafiri waliopita Uzaramo, akiwemo Richard Burton mwaka 1857, walieleza kwa kirefu sandarusi, ule utomvu wa kale unaochimbwa ardhini, lakini magogo ya ngalawa hayakuwashughulisha hivyo. Jibu liko katika forodha. Sandarusi ilipelekwa Unguja, ikavuka bahari mpaka Salem huko Marekani, ikageuzwa vanishi, na kila hatua iliacha hesabu kwenye daftari la mfanyabiashara. Gogo la mwembe lilitoka shamba likaishia ufukweni. Halikulipiwa ushuru, halikupimwa kwa mizani ya Mhindi, halikumtajirisha mgeni. Kukosekana kwake kwenye maandishi hakuonyeshi kwamba lilikuwa haba. Kunaonyesha tu daftari zile ziliandikwa kwa ajili ya nani.

Tukifika ufukweni, tunakuta utaratibu wa matunzo uliopangwa na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kupwa kwenyewe huangukia asubuhi, karibu na saa nne au saa tano. Hiyo ilikuwa zawadi kwa fundi: chombo kiliingizwa juu ya mchanga maji yakiwa yamejaa, kikakalishwa wima kwa miti, na bahari ikaondoka yenyewe, ikamwachia jua na saa kadhaa za kazi. Kilichogandia chini kilikwanguliwa. Kisha ukapitishwa moto wa makuti makavu chini ya mwili wa chombo, haraka, bila kuukalisha mahali pamoja, ili kuua wadudu watoboao mbao na kukausha ngozi ya nje. Baada ya hapo ikapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, chini ya mstari wa maji, na juu yake sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake humfikia mgeni kabla hajakiona chombo. Deheni haikai. Baada ya muda huliwa na maji, na mwenye chombo hurudi palepale kwenye mchanga.

Mashua za mbao zilikuwa na kazi ya ziada, nayo ni kukalafati. Pamba iliyochovywa mafuta husokotwa ikaingizwa kati ya ubao na ubao kwa patasi butu. Hapa ustadi wa fundi hupimwa kwa kujizuia kuliko kwa nguvu. Pamba ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zitakapovimba majini zitasukumana, na kinacholegea ni misumari. Ikiwa kidogo, maji yanaingia siku ya kwanza. Misumari yenyewe haikupigwa kwenye ubao mtupu: tundu lilitobolewa kwanza kwa keke, na chini ya kichwa cha msumari ikazungushwa pamba yenye mafuta, ili kutu isipate mlango. Na chombo kilichopandishwa nchi kavu hakikuachwa kuchomwa na jua kwa wiki nzima. Kilifunikwa makuti na kumwagiwa maji, kwa sababu ubao ukikauka hunywea na mishono yote hufunguka. Anayetunza mashua ya mbao leo hana sababu ya kubadilisha hata hatua moja kati ya hizi.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba haya ni masimulizi ya kupendezesha mambo ya kale, na kwamba wavuvi wa zamani walimwachia Mungu tu. Si wanasema chombo cha kuzama hakina usukani? Methali hiyo ipo, lakini ilisemwa na watu waliokuwa na neno maalumu kwa pamba ya kuziba, neno maalumu kwa mafuta ya chini na neno maalumu kwa chombo cha kukumbia maji, yaani upo. Lugha haihifadhi msamiati mpana hivyo kwa kazi isiyofanywa. Methali hiyo inahusu kilichobaki baada ya kazi kwisha. Hata hivyo sehemu ya pingamizi ni ya kweli, na lazima ikubaliwe: vyombo vya zamani vilizama, kamba za makumbi zilikatika, na hakuna aliyekuwa na jaketi la kuokoa maisha. Anayetamani kurudi huko kwa jumla hajui anachotamani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba vifaa vipya ni bora. Msumari wenye zinki hushinda mtupu, kamba ya nailoni hushinda ya makumbi, na boti ya faiba haiogopi mdudu. Yote kweli. Lakini tuangalie kila kifaa kimefanya nini kwa kalenda ya fundi. Rangi ya mafuta hung'aa juu ya ubao uliokwisha kuoza, hivyo chombo huonekana kizima kwa macho ya mpita njia na ya mwenyewe. Mashine ya nje huwekwa tezi ya mashua iliyobuniwa kwa tanga; mtikisiko wake hulegeza kalafati na misumari kila siku, kazi ambayo upepo haukuwahi kuifanya, na yenyewe isipooshwa ndani kwa maji baridi baada ya safari, chumvi huimaliza. Faiba nayo haitangazi ugonjwa wake. Ufa mwembamba huingiza maji mpaka kwenye ubao uliofungiwa ndani, na huo huoza gizani. Kifaa kinachodumu miaka mingi humruhusu mtu kusahau miaka mingi. Kwa hiyo mwenye faiba anahitaji bamvua kuliko mwenye ngalawa, maana hana tena deheni ya kumkumbusha. Majirani zetu wa Lamu wamejaribu njia nyingine: mwaka 2018 walishusha majini Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, na mafundi walioliunda walikuwa walewale wa mbao, kwa tezo na misumeno ya kazi yao ya kila siku.

Upo pia upande wa mgawo. Kwa desturi ya pwani mapato ya safari hugawiwa, na chombo chenyewe huwa na fungu lake, kama baharia mmojawapo. Fungu hilo lilikuwa la pamba, mafuta na fundi. Mwenye chombo alipokuwa akiishi hatua chache kutoka mchangani, aliiona hali ya mkuku kwa macho yake. Jiji lilipotanuka, akaweza kuishi Temeke au Ukonga, akapokea fungu la chombo kwa simu, na mkuku akausikia kwa kuhadithiwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inadai chombo kiandikishwe na kiwe na leseni, jambo jema, lakini leseni haikwangui chini ya chombo.

Na huko bara kumekuwaje? Katika miaka ya 1950 msitu wa Pugu ulikuwa bado umesogea karibu na uwanja wa ndege. Mkaa, mashamba na makazi ya jiji vimeula mpaka ukarudi vilimani, na Gongo la Mboto imekuwa viwanja na kuta. Mbao nyingi zinazouzwa mjini sasa ni za paina, kutoka mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi, na paina isiyotiwa dawa haistahimili maji ya chumvi. Fundi wa mashua anayetaka mvule au mninga hununua mti uliosafiri mamia ya kilomita, kwa bei ya samani. Hapo ndipo unapobadilishwa ubao mmoja badala ya mbao tatu, na rangi ikapakwa juu. Wakati huohuo mwembe mkubwa wa kiwanja cha Gongo la Mboto, wenye kiuno cha kutosha ngalawa moja, hukatwa kupisha uzio. Fundi wa Kunduchi haambiwi. Gogo hupasuliwa siku hiyohiyo, likauzwa kuni.