Kibra, Kijiji cha Kando ya Nairobi

Wasikilizaji wetu, watu wengi wakitajiwa Kibera hufikiri mara moja mabati yaliyosongamana na vichochoro vyembamba. Katika mazungumzo haya twataka kuwarudisha nyuma, hata siku ambazo mahali hapo palikuwa na nyumba chache, miti mingi na mashamba, na mtu wa mjini aliyekwenda huko alijihesabu kuwa amekwenda shamba. Jina lenyewe lashuhudia. Kibra, katika lugha ya Kinubi, ni mwitu.

Basi Wanubi hao ni akina nani? Asili yao ni askari wa dola ya Misri katika Sudani ya kusini, watu wa makabila mbalimbali waliotiwa jeshini, wengi wao kwa nguvu, wakashika dini ya Kiislamu na kusema Kiarabu cha kambini, ambacho ndicho kilichozaa Kinubi. Watu wa Mahdi walipoitwaa Khartoum mwaka 1885, jeshi la Emin Pasha lilikatwa mbali na Misri. Emin mwenyewe aliondoka pamoja na Stanley mwaka 1889, na askari wengi wakaachwa nyuma. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaandika katika utumishi wa Waingereza. Tangu hapo walipigana vita vya watu wengine katika Uganda na Kenya. Si kwamba walitii daima, maana mwaka 1897 baadhi yao waliasi kwa kuchoshwa na safari ndefu na mshahara mdogo. Lakini jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, Wanubi walikuwamo.

Askari akizeeka hurudi kwao. Je, hawa kwao kulikuwa wapi? Sudani waliiacha zamani, wake zao wengi walikuwa wa nchi hizi, na watoto wao walizaliwa katika kambi. Swali hilo ndilo lililozaa Kibra. Mwaka 1904 zilipimwa eka 4,197 maili chache kusini-magharibi mwa mji wa Nairobi, ambao wakati huo ulikuwa na umri wa miaka mitano tu. Na mwaka 1918 ardhi hiyo ikatangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Kuanzia mwaka 1912 hivi, askari aliyetimiza miaka 12 ya utumishi aliweza kupata hati ya ruhusa ya kukaa huko na jamaa zake, kulima na kufuga.

Wakakaa. Walijenga nyumba za miti na udongo, kila mtu mbali na jirani yake, na baina ya nyumba na nyumba palikuwa na mahindi na ng'ombe wakilisha. Wanawake walisuka kawa za rangi za kufunikia chakula, kazi ambayo Wanubi wanajulikana kwayo hata leo, na siku za arusi ilichezwa doluka. Tena tusiwafiche jambo: kimya cha mahali pale kilikuwa na faida nyingine. Pombe ya moshi ilipikwa huko na kuuzwa mjini, na sifa yake ilienea Nairobi nzima kuliko ilivyopendeza wakuu.

Yafaa tukumbuke jinsi hali ilivyokuwa kwa Waafrika wengine wa mji huo. Serikali ilianzisha mtaa wa Pumwani mwaka 1921, na vijiji vya zamani vikavunjwa kimoja baada ya kimoja, hata zamu ya Pangani ikafika mwishoni mwa miaka ya 1930. Kibra haikuvunjwa. Twaona sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba waliokaa pale walikuwa askari, na kuwafukuza askari wazee ni aibu mbele ya askari vijana. Ya pili ni kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na mtu mwenye nguvu aliyeitaka ardhi ile.

Lakini hati ile ya ruhusa haikuwa hati ya kumiliki. Wazee waliamini kuwa wamepewa ardhi kuwa malipo ya damu yao. Serikali ilisema wameruhusiwa tu kukaa. Jeshi lilipoiachia serikali ya kiraia usimamizi wa Kibra mwaka 1928, neno hilo likazidi uzito. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Carter, ilitoa maoni yake katika ripoti ya mwaka 1934: Wasudani wa Kibra ni wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Serikali, ila wasihamishwe pasipo kupewa ardhi nyingine ifaayo na fidia ya nyumba zao. Maneno hayo yaliwakinga na kuwafunga papo hapo. Serikali haikuwa na ardhi nyingine ya kuwapa, basi haikuwahamisha. Na kwa kuwa ilitumaini kuwahamisha siku moja, haikuona haja ya kuwaletea maji wala barabara.

Mji nao ukaja. Mitaa ya Woodley, Jamhuri na Langata ilijengwa juu ya sehemu za eka zile zile. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu wengi walifika Nairobi kutafuta kazi, wakahitaji vyumba vya bei nafuu, na Wanubi waliokwisha kupoteza mashamba yao wakajenga vyumba vya kupangisha. Wengine wasio Wanubi wakajenga pia, kwa ruhusa ya machifu. Ndipo lilipozuka jambo gumu zaidi: mwenye nyumba hana hati ya ardhi, na mpangaji wake anajua kuwa hana. Mwishoni mwa mwaka 2001 magomvi ya kodi yaligeuka kuwa mapigano, na watu wakafa. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta watu wapatao 170,000 mahali hapo.

Hatimaye, mwaka 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ardhi ya Kibra kwa jina la jumuiya yao, si kwa jina la mtu mmoja mmoja. Eka zilizoandikwa ndani yake ni 288. Kwa zile 4,197 zilizopimwa mwaka 1904, hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi na nne, na juu yake zimejaa nyumba ambazo wengi wa wakaao ndani ni wapangaji, waliozaliwa mbali na hapo na wasiosema Kinubi.