Binti, mpira na joto la unyevu (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Kimwani, Muleba na Bukoba yote, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya! Swali linalorudi kila wiki: eti binti akicheza mpira kwenye joto, kizazi hakitaharibika? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina historia yake.

Mwaka 1921 chama cha soka cha England kiliwafungia wanawake viwanja vyake, kwa madai kwamba mpira hauwafai. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Hata Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China 1991, mechi zilichezwa dakika 80 badala ya 90. Yaani mwanamke alihesabiwa dhaifu kabla hajaingia uwanjani.

Sasa angalia joto lenyewe. Miaka ya 1950, kwenye kambi ya jeshi ya Parris Island, Marekani, vijana wa kiume walikuwa wanaanguka mazoezini kwa joto. Ndipo kikatengenezwa kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo. Kombe la Dunia la wanaume Brazil, 2014, FIFA ilitumia kipimo hicho: kikifika nyuzi 32, mechi inasimama wachezaji wanywe maji. Kwa hiyo joto haliangalii jinsia.

Na mabinti wetu je? Oktoba 2022 Serengeti Girls walicheza India, ukanda wa pwani wenye joto na unyevu. Walimfunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali.

Huku kwetu karibu na ziwa, jua linaweza lisiwe kali sana lakini hewa ina unyevu. Mwili unapozwa na jasho linalokauka, siyo jasho linalotiririka. Hewa ikijaa unyevu, jasho halikauki, joto linabaki ndani. Ni kweli pia kwamba baada ya yai kutoka, joto la mwili wa binti hupanda kidogo, chini ya nyuzi 1. Huo siyo ugonjwa.

Kwa hiyo mama, ongea na mwalimu wa mpira:
- Mazoezi yawe asubuhi au jioni, siyo saa nane mchana.
- Maji kila dakika 15 hadi 20. Kumnyima mtoto maji siyo adhabu, ni hatari.
- Aliyekaa muda bila mazoezi aanze taratibu, mwili huzoea joto ndani ya wiki 1 hadi 2.

Akianza kuyumba, kutapika, kuongea ovyo au akizimia, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Huku mnampooza, tafuteni usafiri wa kwenda kituo cha afya. Msisubiri apate nafuu mwenyewe.

Kumfungia binti ndani siyo kinga. Kinga ni maji, kivuli na saa nzuri ya mazoezi. Sehemu ya 5 tutaongelea hedhi na mazoezi. Mtumie na jirani mwenye binti.