Alama 406 kwa 406: Datsun na Safari Rally ya 1973

Leo naongea kuhusu magari, lakini msikimbie, kompyuta imo ndani.

Mwezi uliopita vijana wa Ukunda waliniomba niwatengenezee programu ya kujumlisha alama za mbio zao za baiskeli. Mbio nne, wikendi nne, na mshindi wa jumla anapewa baiskeli mpya. Kazi ndogo, nikaimaliza usiku mmoja. Siku ya mwisho vijana wawili wakalingana alama, na programu yangu haikulalamika hata kidogo. Ilimweka juu yule ambaye jina lake linaanza na A! Sababu ni kwamba niliingiza majina kwa mpango wa alfabeti, na ile amri ya kupanga orodha ikikuta alama zimelingana huyaacha majina yalivyo. A akaondoka na baiskeli. Hakuna aliyeshtuka. Mimi mwenyewe niligundua siku mbili baadaye nikiwa napitia kazi yangu.

Nilikwenda Msambweni kwa mzee mmoja fundi wa magari, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na pikapu ya Datsun 1200. Nilimpelekea simu yake niliyoitengeneza, nikamsimulia. Akacheka. "Mwanangu, hayo yalimpata Mehta na yule Mswidi mwaka wa sabini na tatu. Lakini wale sharti lilikuwa limeandikwa kabla magari hayajaondoka."

Basi nikaanza kusoma, na nimesoma kuliko nilivyokusudia.

Tuanze mwanzo. Safari ilianza 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikiitwa Coronation Safari, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilifanywa wakati wa Pasaka, na sisi wa huku Pwani tunajua Pasaka ni masika. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na lori, ng'ombe, matope na mto uliofurika, na kila dakika aliyochelewa kufika kwenye kituo cha muda alitiwa alama moja ya adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi.

Kampuni ya Nissan, ambayo magari yake yaliuzwa kwa jina la Datsun, ilikuja mara ya kwanza 1963. Ilipata kipigo. Mwaka huo yaliondoka magari 84 na yakamaliza saba tu, na kati ya hayo saba hakuna Datsun hata moja. Kampuni nyingine ingefunga virago. Wajapani hawa walirudi mwaka baada ya mwaka, na 1966 Bluebird yao ikashinda katika daraja lake. Huko Japani habari hiyo ilikuwa kubwa hadi 1969 ikatoka filamu, Safari 5000, inayohusu timu ya Nissan kwenye rali yetu. Fikiria: watu wa Tokyo wanakata tiketi ya sinema kuangalia matope ya Kenya!

Kisha ikaja 1970. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda kwa Datsun 1600 SSS, na wa pili alikuwa Joginder Singh, mtoto wa Kericho, kwa gari la aina hiyo hiyo. 1971 Herrmann akashinda tena, safari hii kwa 240Z, gari la michezo lenye injini ya silinda sita. Nyuma yake, pia kwa 240Z, alimaliza kijana mmoja kutoka Uganda aitwaye Shekhar Mehta.

Huyu ndiye ninayetaka kumzungumzia. Mehta alizaliwa Uganda 1945, katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wahame nchi ndani ya siku 90. Akina Mehta wakahamia Kenya. Aprili 1973, miezi minane tu baada ya tangazo lile, alikuwa kwenye mstari wa kuondokea jijini Nairobi ndani ya Datsun 240Z, na msoma ramani wake Lofty Drews kando.

Mwaka huo huo ndipo yalipoanza mashindano ya dunia ya rali, na Safari ilikuwa mojawapo. Lakini zingatieni jambo hili: taji la dunia wakati ule lilikuwa la watengenezaji wa magari. Dereva hakuwa na taji lake la dunia hadi 1979. Kwa hiyo Datsun ilikuja kutafuta alama zake. Mbali na wenyeji, ilimleta Harry Källström wa Uswidi, bingwa wa Ulaya wa 1969, na kumpa Datsun 1800 SSS.

Walikwenda kama kilomita 5,000. Mwisho wa yote makarani wakajumlisha. Mehta, adhabu 406. Källström, adhabu 406. Saa sita na dakika arobaini na sita za kuchelewa kwa kila mmoja, magari mawili tofauti, kampuni moja.

Kama ningekuwa nimeiandika mimi ile programu ya makarani, Källström angeshinda, maana K inatangulia M.

Sharti lililokuwepo lilisema hivi: wakilingana, mshindi ni yule aliyefika mbali zaidi kabla ya kuanza kutiwa adhabu. Wakarudi kwenye kadi za muda, kituo baada ya kituo, wakakuta ni Mehta. Mtu aliyekuwa hana kwao mwaka uliotangulia akawa bingwa wa Safari.

Kwa kampuni halikuwa jambo la kukosesha usingizi. Awe Mehta, awe Källström, Datsun ilikuwa ya kwanza na ya pili. Tofauti yote ilikuwa ya wale watu wawili. Mmoja wao hakushinda Safari maisha yake yote, na mwingine alikuja kuwa mfalme wake.

Mehta alirudi akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo, akiwa na Mike Doughty kama msoma ramani. Jumla mara tano. Na gari lenyewe? Datsun Violet, ile waliyoiita 160J. Si gari la kumfanya mtu ageuze shingo pale Diani. Nguvu zote magurudumu ya nyuma, ekseli moja nzima nyuma, springi za kawaida. Fundi wangu anasema uzuri wake ni kwamba likivunjika unaliona limevunjikia wapi. (Natamani watu wangeandika programu namna hiyo.) Mwaka 1981 Datsun ilichukua nafasi nne za kwanza. Wa pili, kama mwaka uliotangulia, alikuwa Rauno Aaltonen wa Ufini, bingwa mkubwa wa Ulaya aliyejaribu Safari miaka mingi na hakuishinda kamwe.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Datsun ilishinda Safari mara saba: 1970, 1971, 1973 na ile minne ya Mehta. Ililipa mabingwa kutoka Ulaya waje, lakini mara zote saba aliyeshinda alikuwa mkaazi wa huku. Mwenyeji alijua mto gani hujaa usiku mvua ikinyesha milimani, na wapi udongo mweusi unanasa. Mwenyeji pia ana kumbukumbu: Joginder Singh alipokwenda Mitsubishi aliwashinda Datsun 1974 kwa Lancer.

Ila tusidanganyane, wenyeji wenyewe walikuwa wa namna gani? Katika washindi wale wa Datsun hakuna jina la Mdigo, wala la Mkamba, wala la Mkikuyu. Gari la rali ni pesa. Sisi wa huku tulilijua jina la Datsun kutoka nyuma ya pikapu, tumekaa juu ya magunia ya nazi tukielekea Lunga Lunga, au kutoka chini yake na spana mkononi kama mzee wangu. Kampuni iliuza pikapu kwa sifa iliyoletwa na rali, na pikapu hizo, kwa kweli, zilistahili sifa.

Baada ya 1982 zikaja turbo, yakaja magari ya kuvuta magurudumu yote manne. Nissan haikushinda tena. Iliyokaribia ni 1988, Mike Kirkland akiwa wa pili kwa 200SX, na yeye vilevile Mkenya. Mehta aliumia vibaya katika rali ya Misri 1987, akaacha kushindana, akafariki London Aprili 2006. Safari yenyewe iliondolewa kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 huko Naivasha. Siku hizi barabara zinafungwa na muda unapimwa kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo 406 kwa 406 ni vigumu sana kuiona tena. Zamani walihesabu dakika nzima nzima, kama programu yangu.

Nimeongeza safu moja kwenye programu: alama zikilingana, itazame nani alishinda mbio nyingi, na zikilingana tena, isimame iniulize. Halafu nikaipitisha matokeo ya zamani. Mshindi si A.

Nilipomrudishia fundi chaja yake aliniuliza, "Na yule kijana mwingine umemwambia?"

Nilimpigia Jumapili jioni. Sasa tunachanga baiskeli ya pili, na mchango wa kwanza umetoka kwangu.