Sikio Moja, Masikio Mawili: Vile Albamu za 1967 Zilinifunza Kuskiza

Mwaka jana nilipoteza sauti ya shosho mara mbili. Mara ya kwanza ni alipoaga. Mara ya pili ilikuwa makosa yangu.

Wacha niwaeleze. Familia iliniomba nitengeneze video fupi ya ukumbusho, kwa sababu kwetu mimi ndio msee wa video. Kabla niache chuo mwaka wa pili, nilikuwa nimemrekodi shosho kwa simu akisimulia vile alitembea kutoka kwao mpaka kwa kina guka siku ya kuolewa. Dakika nne, dhahabu tupu. Nikaweka wimbo wa kanisa chini yake, polepole, halafu kwa ile programu ya kuhariri nikaona kitufe cha kupanua sauti. Nikabonyeza. Kwa hedifoni zangu, shosho akajaa chumba kizima. Nikasema hii imeweza.

Siku yenyewe, mwenye vyombo akachomeka simu yangu kwa mashine yake ya spika moja kubwa. Wimbo ukatoka safi. Shosho hakutoka. Kwa TV mdomo unaenda, watu wote wamenyamaza wakingoja, na hakuna neno hata moja. Anko akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana, nyanya yako yuko wapi?"

Usiku huo sikulala. Nilitaka kujua sauti ilienda wapi. Na manze, jibu nililipata kwa watu ambao sikuwatarajia kabisa: bendi za rock za Uingereza na Marekani za miaka ya sitini.

Tuanze na msingi. Mono ni sauti moja. Hata ukiwa na spika kumi, zote zinasema kitu kimoja. Stereo ni sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, na ubongo wako ndio unazishonea pamoja unaona gitaa liko pale na ngoma iko hapa. Wazo hilo si la juzi. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI kule London, aliomba hataza yake Desemba 1931 akiwa na miaka 28. Kilichomsumbua ni sinema: mwigizaji anatembea kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine, lakini sauti imeganda mahali pamoja. Blumlein alikufa mwaka wa 1942 kwa ajali ya ndege wakijaribu rada ya kivita. Santuri za stereo zilianza kuuzwa kwa wingi madukani karibu 1958. Hakuona.

Sasa skiza hii. Stereo ilipofika dukani, mono haikutoka. Kwa karibu miaka kumi albamu moja iliuzwa mara mbili: santuri ya mono na santuri ya stereo, na huko Marekani ya stereo ilikuwa bei ya juu zaidi. Vijana wengi hawakuwa na doo ya mashine ya stereo. Walikuwa na kisanduku kimoja chenye spika moja, ama redio ndogo ya mfukoni. Kwa hivyo prodyusa akifanya wimbo wa vijana, akili yake yote ilikuwa kwa mono. Stereo ilikuwa ya wazee wa muziki wa klasiki wenye sebule kubwa.

Ushahidi? Chukua albamu ya kwanza ya The Beatles, Please Please Me, ya 1963. Karibu yote ilirekodiwa siku moja, tarehe 11 Februari. Mashine ilikuwa na njia mbili tu za tepu: vyombo njia moja, waimbaji njia nyingine. Nia haikuwa stereo. George Martin alizitenga ili baadaye aweze kupima waimbaji dhidi ya vyombo akizichanganya kuwa mono. Lakini kwa santuri ya stereo, njia hizo ziliachwa zilivyo: vyombo kushoto, watu kulia.

Mimi niligundua hii kitu kwa bahati mbaya. Nilikuwa na iafoni za soo mbili nilizonunua kwa stage, na kama kawaida upande wa kushoto ukakufa wiki ya pili. Nikiwa kwa mathree nikaweka "Twist and Shout". Bendi imeenda! Imebaki tu mwangwi wa mbali, na John Lennon anapasua koo kwa sikio langu la kulia. Alikuwa na homa siku hiyo, na wimbo huo uliachwa wa mwisho makusudi kwa sababu walijua utamaliza sauti yake. Nilikuwa nimeuskia wimbo huo mara nyingi. Sikuwahi kuskia mtu akiumia ndani yake mpaka iafoni iliponiharibikia. Kwa hivyo kosa la stereo lilinipa zawadi. Lakini usidanganyike, huo haukuwa wimbo waliotengeneza. Huo ulikuwa nusu ya wimbo.

Tuingie 1967, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Hii ndio albamu ambayo kila mzee wa muziki atakwambia ni mlima. Walianza kurekodi mwishoni mwa 1966, kwa mashine za njia nne, studio za EMI pale Abbey Road. Miksi ya mono ilifanywa kwa makini, bendi ikiwa pale, wimbo baada ya wimbo, wakibishana kuhusu kila kitu. Miksi ya stereo? George Martin na mhandisi Geoff Emerick waliifanya haraka, karibu mwishoni, na wenyewe Beatles hawakuwepo. Walishaenda. Kwao kazi ilikuwa imeisha.

Na si ati ni tofauti ndogo ya kushoto na kulia. Ni nyimbo tofauti. "She's Leaving Home" ya mono inaenda kasi zaidi na iko juu kwa karibu nusu noti. Ya stereo inavuta miguu, utadhani msichana anayetoroka nyumbani amebadilisha nia. Kwa "Lucy in the Sky with Diamonds" mambo yamegeuka: mono ndiyo ya polepole, na sauti ya Lennon inazunguka kama mtu anayeongea akiwa ndani ya maji. Ule wimbo wa kichwa unaporudiwa kuelekea mwisho, mono inakupa Paul McCartney akipiga kelele mwishoni; kwa stereo ya zamani kelele hizo karibu zimepotea.

Mwaka uliofuata, kwa ile albamu yao ya jalada jeupe, "Helter Skelter" ya mono inaisha ikififia basi. Ya stereo inafifia, inarudi, halafu inamalizika na Ringo Starr akilalamika kwa nguvu kuhusu malengelenge ya vidole vyake. Kama uliskia mono pekee, hukuwahi kujua vidole vya Ringo vilikuwa na shida.

Sasa swali langu, na ndio maana naandika hii: ni gani ndiyo "yenyewe"?

Watu wengi watajibu bila kufikiria: stereo, si ndio iko kwa apu? Na hapo ndipo historia inakuwa siasa. Albamu ya jalada jeupe ilitoka Novemba 1968 Uingereza kwa mono na stereo, lakini Marekani ilitoka stereo pekee. Abbey Road ya 1969 haikuwa na mono kabisa. Soko lilikuwa limehama. Muziki wa Beatles ulipowekwa kwa CD mwaka wa 1987, albamu nne za kwanza zilitoka kwa mono, zilizofuata zikatoka stereo, pamoja na Sgt. Pepper. Mpaka Septemba 2009 ndipo mono yake ilitolewa rasmi kwa CD. Hebu piga hesabu. Kizazi kizima cha CD kilikua kikiabudu ile miksi ambayo wenye wimbo hawakukaa kuiskiza. Hakuna aliyewadanganya. Waliyopewa tu ndiyo iliyokuwa dukani.

Kisha kuna Brian Wilson wa The Beach Boys. Huyu tangu utotoni sikio lake la kulia karibu halikuwa linaskia. Pet Sounds, Mei 1966, aliifanya kwa mono. Filimbi, kengele za baiskeli, nyuzi, sauti za ndugu zake, yote amebana kwa nukta moja kama pilau kwa sufuria. Kampuni yake ikataka kuuzia wenye stereo pia, ikachukua mono hiyo hiyo, ikacheza na besi na sauti nyembamba kila upande ili ionekane stereo. Stereo ya ukweli ilitoka 1997, miaka 31 baadaye, baada ya tepu za kazi kuunganishwa upya. Na kuna sauti zilizokuwa kwa mono ambazo hazikupatikana kwa tepu hizo.

Kinachonigusa ni hiki. Brian hakuwa amekosa kitu. Alitengeneza muziki kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeuskia mzima. Ukiuskiza kwa spika moja mbovu jikoni, bado uko mzima. Hautegemei uwe na masikio mawili wala pesa nyingi.

Lakini wasee, msiende mkisema nimesema stereo ni takataka. Skizeni Axis: Bold as Love ya Jimi Hendrix, Desemba 1967. Mwanzoni tu gitaa linazunguka kutoka spika moja hadi nyingine kama nyuki amefungiwa chumbani. Hapo Hendrix na mhandisi wake Eddie Kramer walikuwa wanatumia nafasi yenyewe kama chombo. Tena tepu ya upande wa kwanza ilipotea, Hendrix akaisahau kwa teksi London, ikabidi wamiksi upande mzima upya usiku mmoja. Albamu hiyo ukiiweka mono, nyuki anakufa. Kwa hivyo mambo si mono dhidi ya stereo. Mambo ni nani alikuwa kwa akili ya mtengenezaji wakati anasogeza vile vidude vya mezani. Martin alifikiria kijana mwenye kisanduku kimoja. Hendrix alifikiria mtu aliyelala chini kati ya spika mbili.

Na mimi? Mimi nilifikiria mimi. Nilifikiria hedifoni zangu.

Hii ndiyo siri ya shosho. Kile kitufe cha kupanua kilichukua sauti yake, kikaiweka pande zote mbili, halafu upande mmoja kikaupindua: pale wimbi linapopanda, huku linashuka. Kwa hedifoni kila sikio linapata lake, unaona sauti imeenea hewani. Hata ukitoa upande mmoja, bado unamskia vizuri, ndio maana nilipopima sikugundua. Lakini mashine ya spika moja inajumlisha kushoto na kulia. Moja ongeza moja hasi ni sufuri. Wimbo wa kanisa haukupinduliwa, ukabaki. Shosho akajifuta mwenyewe.

Wahandisi wa 1967 hawangefanya kosa hilo, kwa sababu mono ndiyo waliyoanza nayo. Sisi tumeiacha tukidhani ni ya kale, ilhali imejaa kila mahali. Spika ndogo ya Bluetooth kwa keja ni mono. Simu nyingi za bei nafuu zina spika moja. Kiosk, kinyozi, kanisa la mabati, mazishi: mono, mono, mono. Na wewe na beste yako mkigawana iafoni kwa mathree, hiyo hata si mono, kila mtu ana nusu yake. Sisi tunaotengeneza vitu kwa hedifoni nzuri halafu tunavituma kwa watu wa spika moja, tunafanya ile kazi ya haraka ya mwisho, wenyewe hawapo.

Giles Martin, mtoto wa George, alipomiksi Sgt. Pepper upya kwa stereo mwaka wa 2017, alitumia ile mono ya baba yake kama ramani. Ndio maana kwa toleo hilo yule msichana wa "She's Leaving Home" anatembea tena kwa kasi yake. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, kwa kweli, nje ya darasa: unaweza kupanua nyumba, lakini kwanza uliza nani alikuwa anaishi ndani.

Fanya hivi leo. Ingia kwa mipangilio ya simu yako, sehemu ya ufikivu, utafute sauti ya mono. Iliwekwa kwa ajili ya watu wanaoskia kwa sikio moja, kama Brian. Iwashe, uweke "Twist and Shout", uskie bendi na Lennon wakirudi chumba kimoja. Na kama unatengeneza video, skiza kazi yako hivyo kabla umtumie mtu yeyote.

Ile video nimeirekebisha. Ilikuwa kugeuza upande mmoja tu, sekunde tano. Nikaituma kwa grupu ya familia. Mathe akaiweka kwa simu yake iliyopasuka kioo, ile ya spika moja, akaiegemeza kwa thermos ya chai. Shosho akaongea dakika nne nzima. Anko aliskiza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Sasa yuko."